Kushika kwa Muda

Mbebe, Ileje
3 Machi 2024

Mwanangu Asajile,

Mimi baba yako mdogo Rabson Kibona nina miaka sabini na tisa kamili, na mwenye kubisha aje nimwoneshe cheti cha ubatizo. Nimezika wake wawili, kaka zangu watatu, wachungaji wanne, na wenyeviti wa kijiji sita ambao wote walisema nitatangulia mimi. Operesheni Vijiji ilinihamisha nikarudi. Chama cha ushirika nilikiona kinazaliwa na nimekiona kinakufa, kufuli lake ninalo hapa nyumbani. Ugonjwa wa chulebuni ulikausha kahawa ya kijiji kizima, ya kwangu ikasimama. Sasa mtu wa namna hiyo anakuandikia barua tangu Novemba, na wewe unanyamaza kama vile umeandikiwa na mtoto wa jirani.

Baada ya hayo, salamu. Sisi huku wazima. Recho dada yako mzima ila jino, amekataa kung'oa. Mvua ni nzuri, mahindi yamefika kifuani, kwangu yamefika shingoni. Yule ng'ombe mwenye baka amezaa jike. Mchungaji mpya ni kijana, anahubiri akitazama saa.

Recho anasema nikupigie simu. Mimi simu sipigi. Kwanza mtandao mpaka upande kilima cha shule, pili maneno ya simu hayana ushahidi, mtu akikukana utamwonesha nini? Barua inabaki. Cheti changu cha kisomo cha mwaka sabini na tano kipo ukutani, tulikuwa watu wazima arobaini na niliwashinda wote, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni wa karani.

Sasa neno lenyewe. Wiliam, huyu dereva anayepeleka abiria Tunduma na ndiye anabeba barua zetu, amesema pale dukani mbele ya watu kwamba huna kazi. Nikamwambia wewe mwongo, mwanangu ni meneja. Akasema, "Mzee, alikuwa kaimu, muda wake umeisha." Watu wakacheka. Nakuuliza basi, kaimu ni kitu gani? Mtoto wa Yonathani Kibona anashikilia kiti cha mwenzake kama mtu aliyeachiwa mzigo stendi? Nijibu nipate la kuwaambia.

Mimi baba yako,
Rabson Kibona


Chapwa, Tunduma
21 Machi 2024

Baba Mdogo, shikamoo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Poleni na jino la Recho, mwambie asiliogope. Sisi tupo. Felista anakusalimu sana, siku hizi anauza chai na maandazi kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Tumehama kidogo, sasa tuko vyumba vya nyuma, kuna utulivu zaidi. Watoto tumewahamishia shule ya karibu.

Wiliam hakusema uongo. Sina kazi tangu Oktoba.

Naomba nikueleze, kwa sababu hata hapa mjini wengi hawaelewi. Meneja wa muda huitwa mambo yakiharibika. Mwenye mali ameugua, au amefariki, au meneja wake ametoroka, na kazi haiwezi kusimama. Unaingia, unatuliza watu, unanyoosha mambo, na mwenyewe akiwa tayari unamkabidhi na kwenda zako. Nilifanya hivyo kwenye mashine ya mpunga wakati mwenyewe amepelekwa kufanyiwa upasuaji. Nikafanya kwenye nyumba ya wageni ambayo warithi waligombana mpaka wafanyakazi wakakosa wa kumsikiliza. Nilipotoka nilikabidhi funguo, na kila ufunguo ulikuwa na kibandiko chake.

Shida ni kuipata nyingine. Mwezi uliopita palikuwa na tangazo la nafasi ya miezi mitatu kwenye ghala moja kule Mpemba. Tulijitokeza zaidi ya watu mia mbili, foleni ikafika barabarani, na mbele yangu alisimama mwalimu aliyenifundisha biashara chuoni. Tulisalimiana, halafu kila mtu akatazama upande wake. Wengine wananiambia nina uzoefu mkubwa mno. Wengine wanasoma wasifu wangu na kuuliza, "Bwana, sehemu tatu kwa miaka miwili, kwa nini hutulii?" Nikiwaambia ndiyo kazi yenyewe, wanatazamana. Hapa mtaani vijana wameshanipa jina, nikipita wananiita Mheshimiwa Kaimu.

Lakini ipo nafasi moja. Kuna mama mmoja Vwawa, tunamwita Mama Gloria, ana kiwanda cha kukoboa kahawa. Mumewe alifariki mwaka jana. Binti yake Gloria yuko masomoni, anamaliza Desemba, na yeye ndiye atakayeshika kiwanda. Anatafuta mtu wa kukiendesha msimu mmoja, Mei mpaka Desemba, basi. Aliyemweka mwanzo alijifanya mwenye mali, mpaka alipotolewa na mgambo, kwa hiyo sasa anaogopa. Makaratasi yangu ameyaona, anasema makaratasi kila mtu anayo. Anataka kuonana na mtu mzima wa kwetu, aje mwenyewe akae naye. Nimekutaja wewe, Baba Mdogo. Wewe ndiye mdhamini wangu wa tatu.

Anataka kusikia neno moja tu: kwamba nikikabidhiwa kitu cha watu, siku ikifika narudisha na kuondoka. Nakuomba sana, mwambie hilo na usiongeze lingine. Hii nafasi ikipita sijui nitakachomwambia Felista.

Jambo la mwisho. Nasikia watu wa ardhi wanapima mashamba huko Ileje na kutoa hati za kimila. Lile shamba la baba, pale kwenye masale ya mpaka, naomba unieleze limekaaje. Siulizi kwa ubaya.

Mwanao,
Asajile


Mbebe
14 Aprili 2024

Mwanangu Asajile,

Furahi. Kazi umepata. Kama bado hawajakuambia basi wananunua bahasha.

Sisi wazima. Jino la Recho limeng'oka lenyewe. Mchungaji kijana alikuja kunitembelea nikamfundisha kufunga mzinga wa nyuki, alikuwa hajui.

Mama Gloria alifika Jumanne na pikapu nyeupe, ikanasa kwenye tope pale kanisani. Enoka mzee wa kanisa na watu wake wakaisukuma mpaka Enoka akaanguka. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Recho alipika kuku na wali. Nakuandikia yote yalivyokuwa ili ujue nani alikutafutia kazi.

Akasema, "Shikamoo baba." Nikasema, "Marahaba mama, karibu hapa wanapozaliwa mameneja." Akacheka vizuri, ni mama mnene mwenye heshima. Nikajua nusu ya kazi imeisha.

Akaniuliza, "Baba, mimi sina maneno mengi. Huyu Asajile akikabidhiwa kitu cha mtu ni wa namna gani?"

Nikamwambia, "Mama, nikueleze au nikuoneshe?"

Akasema, "Nioneshe." Maana mimi siyo mtu wa neno moja, neno moja anasema asiye na ushahidi. Nikamchukua nikampeleka kwenye kahawa ya pale kwenye masale. Mwaka huu imebeba, Asajile, matawi yanainama. Yule mama anaijua kahawa, akashika jani akaligeuza kutazama chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Akasema, "Shamba zuri sana. Ni lako baba?"

Nikamwambia, "Nalishika. Ni la marehemu kaka yangu Yonathani, baba yake huyo huyo Asajile. Siku ya kumaliza matanga wazee walinipa mkasi wake wa kupogolea mbele ya watu wote, wakasema Rabson, shika kwa muda mpaka mtoto akue."

"Lini hiyo?"

"Mwaka tisini na tatu."

"Na mtoto ana miaka mingapi sasa?"

"Arobaini."

Akaitazama ile kahawa. Halafu akasema, "Na bado hajakua?"

Nikacheka sana maana mama ana utani. Nikamwambia, "Mama, aliyeshika ni Rabson! Miaka thelathini na moja sijaachia hata mche mmoja. Ndugu walinuna nikawashinda. Mwenyekiti alitaka kukata kipande ipite barabara nikalala chini. Damu yetu ndiyo hiyo. Mpe Asajile kiwanda chako uone, hata waje na trekta hatang'oka."

Akasema, "Nimekuelewa baba. Nimekuelewa kabisa." Akanishika mkono kwa mikono miwili. Kuku alikula kidogo tu, alisema barabara ni mbaya na anataka kuwahi. Nikampa maharage debe moja la soya njano, hilo nalo liko kwenye hesabu ya wema wangu.

Recho tangu siku hiyo ananijibu kwa kukata maneno. Nimemuuliza nini, anasema, "Baba, hukusikia alichokuuliza?" Nilisikia, nikajibu. Mimi nikiulizwa najibu.

Mambo ya watu wa ardhi usihangaike nayo. Hawajafika huku.

Ukianza kazi uniletee koti jingine, hili limechoka kwapani.

Rabson Kibona


Chapwa
19 Mei 2024

Baba Mdogo, shikamoo,

Natumaini mu wazima. Sisi tupo. Felista alikuwa na homa, sasa anaendelea vizuri.

Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza niliziandika nikazichana.

Mama Gloria alinipigia siku tatu baada ya kutoka kwako. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza. Alisema, "Mwanangu, karatasi zako ni nzuri na nakuona mtu mzuri. Lakini nimeenda kwenu nimeona mnavyoshika." Akanitakia heri. Amemchukua mtu kutoka Mbeya.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba, Felista akaja na jiko, akaniangalia, akarudi ndani bila kuniuliza. Tangu hapo nimeomba sehemu tisa. Saba hawakujibu. Moja walisema wanamtaka mwenye umri chini ya miaka thelathini na tano. Ya mwisho mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniomba nimsaidie mwanawe kuandika wasifu wake.

Baba Mdogo, nilikuomba neno moja.

Na swali alilokuuliza yule mama pale shambani, mimi sijawahi kukuuliza. Nilipomaliza kidato cha nne nilidhani utalisema mwenyewe. Nilipomaliza chuo nilidhani utalisema. Siku ya harusi yangu ulisimama mbele ya watu ukaomba kipaza sauti, nikashika mkono wa Felista nikamwambia, sasa anasema. Ukanipa jogoo.

Nina miaka arobaini. Sina kazi, na sasa sina hata mlango wa kugonga. Nakuuliza kama alivyokuuliza mgeni. Nimekua?

Asajile


Mbebe
2 Juni 2024

Asajile,

Sisi wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza mwenyewe. Mara ya pili nilimpa Enoka anisomee kwa sababu nilidhani sikusoma vizuri. Ya tatu mwenyewe tena.

Sasa unisikilize. Baba yako aliacha miche midogo na magugu yaliyonifika kiunoni. Nani aliyapalilia? Nani alibeba maji kutoka mtoni mwaka wa ukame mpaka bega likabaki na alama, bado ipo, njoo uione? Ulipofaulu kwenda sekondari, kahawa ile ile ndiyo ilikuvalisha viatu. Ulipokwenda chuo, kahawa. Ulipougua tumbo ukapelekwa Mbeya, kahawa. Mkono uliochuma ni huu unaoandika. Umesahau? Uliondoka na begi jipya, watu wakasema Rabson amepata wazimu, anamsomesha mtoto wa marehemu na wake mwenyewe Recho ameishia darasa la saba. Ndiyo. Recho aliishia la saba. Hilo hukuniuliza.

Kama huyo mama wa Vwawa hajui kusikiliza mtu mzima ni shida yake. Mimi nilimwambia ukweli. Ulitaka nidanganye? Nimeishi miaka sabini na tisa bila kudanganya.

Mtu wa Mbeya! Mtu wa Mbeya anajua nini habari za kahawa.

Hapa niliandika maneno nikayakata, usijaribu kuyasoma.

Mambo ya shamba usiniulize tena kwa barua.

Rabson Kibona


Mbebe
14 Julai 2024

Mwanangu Asajile,

Ni wiki sita sasa sina barua yako. Wiliam anasema alikuona ng'ambo, upande wa Zambia, umebeba turubai begani. Nimemwambia amekufananisha.

Sisi wazima. Baridi imekuwa kali, asubuhi majani yanakuwa meupe. Kahawa tunachuma, Recho na mimi na Gwalugano jirani anakuja kutusaidia, mimi bado nawashinda wote wawili ingawa Gwalugano anasema ananiachia. Mtoto wa ng'ombe mwenye baka nimempa jina, sitakuambia mpaka uje.

Neno lenyewe. Bati la jikoni limetoboka na ninahitaji mtu wa kunishikia ngazi. Uje Jumanne tarehe 13 Agosti. Siyo tarehe 12 wala 14. Ulale hapa tangu Jumatatu ili asubuhi uwepo. Kitambulisho chako cha taifa usikiache, siku hizi barabarani wanakagua sana. Na kama una picha zako ndogo mbili chukua, Recho anataka moja ya ukutani.

Usiulize mengi. Wewe njoo. Nauli ya kuja umwambie Wiliam tutaongea mimi na yeye.

Mimi baba yako,
Rabson


Nakonde, Zambia
5 Agosti 2024

Baba Mdogo, shikamoo,

Nakuandikia kutoka ng'ambo. Wiliam hakunifananisha.

Kuna maegesho ya malori hapa Nakonde, nafunga maturubai na kuhesabu magari yanayoingia. Vijana wananisalimu "mulishani, ba Kaimu", sijui nani alivukisha jina hilo mpaka. Mwenye malori ana uwanja mwingine Kitwe, mbali huko kwenye migodi. Mlinzi wake amekwenda msibani na anataka mtu wa kushikilia nafasi mpaka arudi. Nimekubali. Naondoka Ijumaa na lori la sementi. Unaona, Baba Mdogo, mwishowe nimepata kazi ya muda.

Felista na watoto wanabaki Chapwa. Hatukugombana. Tulikaa tukatazamana tukaona hakuna lingine.

Sitakuja kwa ajili ya bati. Kwa ngazi Gwalugano yupo. Barua yako niliisoma nikitafuta neno jingine ndani yake, niliigeuza hata nyuma. Kama ungelisema, ningekuja kwa miguu.

Jina lako nimelitoa kwenye wadhamini wangu. Siyo kwa hasira. Ni kwamba huko niendako hakuna anayeuliza.

Kwamba kahawa ilinisomesha, sijasahau hata siku moja. Na la Recho sikulijua. Nimeona aibu. Mwambie hivyo.

Barua hii namwachia Felista ampe Wiliam.

Asajile


Mbebe
1 Septemba 2024

Mwanangu Asajile,

Gari la Wiliam liliharibika pampu, likalala Mpemba zaidi ya wiki mbili na barua yako ndani yake. Nimeipata tarehe 24. Siku ile ya tarehe 13 mimi sikujua kwamba huji. Nilikuwa nimekaa njiani.

Sisi wazima. Recho nimemsomea maneno yako, alitoka nje akakaa kwenye banda la ng'ombe mpaka jioni.

Sasa nakuandikia mambo ya tarehe 13. Hapakuwa na bati. Bati zima kabisa, nililiweka mwenyewe, haliwezi kutoboka. Siku ile walikuwa wanakuja wapimaji wa hati za kimila. Nilijua tangu mwisho wa Juni. Nilishindwa kuliandika. Kalamu ninayo, mwandiko ninao, nilikaa Jumapili tatu nikashindwa, nikaandika bati.

Nilivaa koti nikakaa njiani tangu alfajiri. Kila gari likitokea nasimama. Wapimaji wakafika saa tatu, vijana wawili na mashine yao, na majirani wa mipaka, na Enoka kwa sababu yupo kwenye kamati. Kijana akasema, "Mzee, mwenye shamba hili nani?"

Nikasema, "Asajile Yonathani Kibona."

"Yuko wapi?"

"Njiani."

Wakazunguka kwa wengine wakarudi saa nane. "Mzee, amefika?" Nikasema njiani. Gwalugano akaniambia, "Aa, Mzee Rabson, kwani nani hajui kwamba shamba ni lako? Aandike jina lako tuondoke, mimi nimeacha chungu motoni." Na watu wote wakasema ndiyo, andika Rabson. Hakuna hata mmoja aliyekataa, Asajile. Hiyo karatasi ilikuwa tayari mbele yangu na kalamu ilikuwa wazi. Miaka thelathini na moja nilikuwa naingoja siku ile, mimi ndiye nasema.

Nikasema, "Mimi nilipewa kwa muda."

Enoka akasema, "Rudia, Mzee." Nikarudia.

Kijana akaeleza kwamba hawezi kumwandika mtu asiyekuwepo, hana picha, hana namba ya kitambulisho. Nikamwambia mngoje kesho. Akasema kesho wako kijiji kingine, na hawajui watarudi lini. Basi ameandika jina langu, na mbele yake ameandika msimamizi, mpaka mwenyewe atakapojitokeza. Nikatia sahihi. Kwa hiyo hata mimi sasa ni kaimu, kwa maandishi ya serikali. Wiliam nimemwambia acheke mapema amalize.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Vwawa. Nilishuka barabara kuu nikauliza kiwanda cha Mama Gloria mpaka nikakipata. Nikampa karatasi ile, nikamwambia, "Mama, siku ile nilisema vibaya. Soma. Kwetu tunarudisha." Alisoma yote. Akaniletea kiti na soda. Akasema, "Baba, maneno haya ungeniambia Aprili." Yule mtu wa Mbeya akapita na funguo mkononi, kijana mpole tu, akanipa shikamoo. Soda sikuinywa. Nilirudi nayo nikampa Recho.

Yale maneno niliyoyakata kwenye barua ya Juni ni haya. Mama yako mdogo Dina alipokuwa anakufa aliniambia, Rabson, mwite mtoto umpe mkasi wake. Nikamwambia nitamwita kesho. Alikufa kesho yake, nikaona basi hakuna tena wa kunikumbusha.

Mkasi nampa Wiliam ampelekee Felista. Springi ilikatika, nimefunga mpira wa baiskeli, unakata. Kahawa ya pale kwenye masale nimemaliza kuchuma, na baada ya kuvuna inataka kupogolewa, mwezi wa kumi usipite. Mimi siigusi tena. Usipokuja itaota msitu na watu watasema Rabson amezeeka ameshindwa. Waseme. Nimekataa.

Felista ametuma habari kwamba anwani yako ya huko Kitwe hana, na simu yako haiiti. Barua hii itakaa kwake pamoja na mkasi.

Umenitoa kwenye wadhamini, sawa, ulifanya haki. Lakini na mimi nina habari yangu na inaweza kukanwa, kwa hiyo naandika wa kwangu watatu kama mnavyofanya ninyi wa mjini. Wa kwanza ni Gwalugano, jirani wa mpaka wa masale, alisikia jina nililotaja asubuhi na neno nililosema saa nane. Wa pili ni Enoka mzee wa kanisa, ndiye aliyesema nirudie na nikarudia. Wa tatu ni Mama Gloria wa Vwawa, aulizwe kama sikusimama mbele yake nikasema nilikosea. Wote wana simu. Namba zao Recho ameziandika nyuma ya karatasi hii, popote ulipo uwapigie, usichukue neno langu.

Rabson Kibona, msimamizi